Risala ya Klabu ya Sayansi ya Bahari kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Maonyesho ya Sayansi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Shule,
Walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Awali ya yote tunakushukuru, Mgeni Rasmi, kwa kuacha shughuli zako na kuja kutusikiliza. Karibu sana. Mwaka huu klabu yetu imeshughulika na mnyama mmoja tu, na meza iliyo mbele yako ni yake. Wataalamu humwita asidia. Ukimkuta kwenye mwamba, nguzo ya gati au ubavu wa mashua, utampita ukidhani ni uchafu wa bahari: kifuko kilichogandamana na jiwe, chenye matundu mawili juu. Mguse, naye hujikunja ghafla na kukurushia maji.

Aliye kwenye sinia ya kwanza amehifadhiwa kwa dawa. Tulimpasua wiki mbili zilizopita, na wembe wa kwanza ulishindwa. Ngozi ile ngumu huitwa kanzu, na ndani yake mna selulosi, kitu kilekile kinachounda pamba na karatasi. Mwanakemia Carl Schmidt aliigundua humo mwaka 1845, wakati selulosi ilijulikana kuwa ya mimea tu. Tulipoifunua kanzu tulikuta koo pana lililotobolewa vitundu visivyohesabika, kama chekeche. Maji huingia kwa tundu moja, chembe za chakula hunaswa kwenye ute, maji hutokea tundu la pili. Na moyo wake, Mgeni Rasmi, husukuma damu upande mmoja, hutua kidogo, kisha huisukuma kurudi ilikotoka. Sentensi hiyo tuliisoma mara tatu kabla ya kuiamini.

Lakini kilichotushika zaidi ni utoto wake. Mwaka 1866 Mrusi Alexander Kowalevsky alionyesha kwamba asidia huanza maisha akiwa kiluwiluwi mwenye mkia, na ndani ya mkia huo mna notokodi, ule ufito laini ambao kwetu sisi hutangulia uti wa mgongo tukiwa tumboni mwa mama. Kiluwiluwi huyo hali chochote. Huogelea kwa muda mfupi, hutafuta mahali, hujigandisha kwa kichwa, na mkia wake hunywea ukamezwa na mwili. Kwa hiyo kifuko hiki kina udugu wa karibu na binadamu kuliko pweza, kaa au chaza. Kwa spishi iitwayo Halocynthia roretzi, ambayo huliwa Japani na Korea Kusini, misuli yote ya mkia wa kiluwiluwi ni seli 42 tu, hivyo mtafiti anaweza kuifuata kila seli tangu kwenye yai.

Wajapani humwita mnyama huyo hoya, Wakorea humwita meongge, na mara nyingi huliwa mbichi. Chile wana spishi yao, piure, mwenye nyama nyekundu sana. Katika mkoa wa Miyagi, kaskazini mashariki mwa Japani, wafugaji hutundika makombe ya chaza baharini majira ya baridi ili viluwiluwi wajigandishe, kisha huwahamishia kwenye kamba ndefu. Hawalishwi kitu, bahari ndiyo inayowalisha. Lakini mfugaji husubiri miaka 3 au zaidi kabla ya kuvuna, na katika kusubiri huko ndiko mengi huharibika.

Miaka ya 1990 ugonjwa uliingia kwenye mashamba ya Korea, na mwaka 2007 ukaonekana Japani. Kanzu ile iliyotushinda kwa wembe hulegea, hupasuka, na mnyama hufa. Mfugaji huinua kamba aliyoitunza kwa miaka akakuta vifuko vilivyooza. Watafiti walihangaika kwa zaidi ya miaka 10 kabla ya kumpata mhalifu: kimelea chenye seli moja, kinachoogelea kwa vijimkia, ambacho mwaka 2012 kilipewa jina Azumiobodo hoyamushi. Kumjua adui kumewawezesha kukagua mbegu kabla ya kuzisafirisha.

Tarehe 11 Machi 2011 tsunami iliyafagia mashamba ya Miyagi. Wafugaji walianza upya, wakatundika makombe, wakasubiri. Mwaka 2013 Korea Kusini, mnunuzi wao mkubwa, ilipiga marufuku mazao ya bahari ya eneo hilo kwa hofu ya mionzi ya Fukushima, kituo cha nyuklia kilichoharibiwa na tsunami hiyo. Hoya waliokomaa wakakosa soko, na maelfu ya tani yakateketezwa. Tulipofika hapo kwenye usomaji wetu darasa lilinyamaza. Kwa maoni yetu, utafiti wa kutafuta matumizi mapya ya mnyama huyu una uzito sawa na utafiti wa magonjwa yake, kwa sababu mfugaji mwenye mnunuzi mmoja yuko hatarini hata mavuno yakiwa mazuri.

Na matumizi yapo. Kutoka kwa asidia wa Karibi, Ecteinascidia turbinata, ambaye si wa kuliwa, ilipatikana dawa ya saratani ya tishu laini, trabektedini, iliyoidhinishwa Ulaya mwaka 2007. Gramu 1 ilihitaji takriban tani 1 ya wanyama. Leo hutengenezwa maabara kwa kuanzia na kemikali ya bakteria, na bahari imepumzika. Norwe na Uswidi wanawafuga asidia wa jamii ya Ciona kwa ajili ya protini.

Mgeni Rasmi, klabu ina wanachama 31 na darubini moja, ambayo lenzi yake kubwa ina ufa. Hadi sasa tumesoma juu ya mnyama aliyekufa. Tunaomba utusaidie kupata darubini mbili na tangi la maji ya bahari lenye pampu ya hewa, ili mwakani tuwaweke asidia hai, tungoje watoe mayai, na tumwone kiluwiluwi akijigandisha kwa macho yetu. Mahali pa kuliweka tangi tumeshapasafisha, karibu na dirisha la maabara, na zamu za kubadilisha maji tumeshazipanga hadi mwisho wa muhula.

Tunaomba kuwasilisha.