Wasomwe na Wale wa Mizigo: Barua ya Wazi kwa Waziri wa Utamaduni wa Kaunti Yetu

Mheshimiwa,

Mimi ni mkazi wa Taveta. Nakuandikia mapema, Novemba ikiwa bado mbali, ili jambo ninaloliomba lipate muda wa kutosha.

Novemba iliyopita nilihudhuria ibada ya kuwakumbuka waliokufa vitani, pale kwenye makaburi yetu madogo ya kijeshi. Nyasi zilikuwa zimekatwa, mawe yamesuguliwa. Tarumbeta ililia, tukanyamaza dakika mbili, mashada ya maua mekundu ya karatasi yakawekwa, kisha yakasomwa majina. Mambo yalikwenda kwa heshima na walioandaa nawashukuru kwa dhati. Lakini nje ya ua, chini ya mwarubaini, alikuwa amekaa mzee mmoja ameegemeza kidevu kwenye bakora. Nilipotoka nikamwamkia. Akaitikia, kisha akaniuliza, "Wamewasoma na wale wa mizigo?"

Nikamwambia hapana. Akanyanyuka taratibu, akajikung'uta vumbi, akaenda zake.

Sijapata usingizi mzuri kwa ajili ya swali lile, na ndilo nakuletea.

Sina neno na waliolala ndani ya ua. Kila nikitazama Salaita nawakumbuka vijana wa Afrika Kusini waliokipanda kile kilima tarehe 12 Februari 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, Waingereza wakipigana na Wajerumani, wakarudishwa kwa risasi, na Wabaluchi wa jeshi la India waliosimama imara wenzao walipokuwa wakirudi nyuma. Mwezi mmoja baadaye, usiku wa tarehe 11 Machi, watu walikufa gizani kwenye miteremko ya Latema na Reata, huku hawamwoni anayewapiga. Kule Voi amelala Wilbur Dartnell, Mwaustralia, aliyekataa kuwaacha majeruhi wake porini karibu na Maktau tarehe 3 Septemba 1915 akafa pamoja nao. Mtu wa namna hiyo anastahili kusomwa jina kila mwaka hadi mwisho wa dunia.

Ila, Mheshimiwa, vile vilima havikupandwa na askari peke yao. Ng'ombe na farasi waliuawa na mbung'o, magari yalikwama kwenye matope, reli iliyotoka Voi haikuweza kumfuata kila askari alikokwenda. Kila risasi, kila gunia la unga, kila machela yenye majeruhi, ilikaa kichwani au begani kwa mtu. Waingereza waliandikisha wapagazi wapatao milioni moja katika vita vile vya Afrika Mashariki. Hapa kwetu sheria ya mwaka 1915 iliruhusu watu kuchukuliwa kwa lazima, na mwaka 1917 machifu walitakiwa kutoa vijana kwa wingi kuliko wakati wowote. Kikosi chao kiliitwa Carrier Corps, wazee wetu wakakigeuza kuwa Kariakoo, na jina hilo bado linaishi kwenye masoko ya Nairobi na Dar es Salaam. Mama anayenunua nyanya pale hana habari kwamba anatamka jina la jeshi.

Wanahistoria wanataja vifo visivyopungua 95,000 vya wapagazi hao. Wengi hawakufa kwa risasi. Waliuawa na malaria, na kuhara damu, na baridi ya mvua kwa mtu asiye na blanketi. Waliuawa hata na chakula. Mtu aliyelelewa kwa ndizi au wimbi alipewa unga wa mahindi, akafika kambini jioni hoi, kuni mbichi, sufuria moja kwa watu wengi, akala ugali ambao haukuiva. Tumbo likachafuka, kesho akabebeshwa mzigo uleule. Anayeujua ugali mbichi ataelewa bila kusomea udaktari.

Babake nyanya yangu alikuwa mmoja wao. Nyanya alikuwa mtoto wa kubebwa mgongoni baba yake alipochukuliwa, kwa hiyo hakuwa na sura yake kichwani. Alichokuwa nacho ni hadithi ya mamake: kwamba asubuhi ile mume wake alirudi mara mbili kutoka njiani, mara ya kwanza kuchukua kisu, mara ya pili hakuchukua kitu, alisimama tu mlangoni. Baada ya vita mwenzake mmoja alirudi na kusema alimwacha amelala kando ya njia, ng'ambo ya mto Ruvu, tumbo limemshika. Basi. Hakuna kaburi, hakuna karatasi. Hata mshahara wake haukufika nyumbani, na hakuwa peke yake: fedha za maelfu ya wapagazi waliokufa zilibaki mikononi mwa serikali ya kikoloni bila kudaiwa.

Kwa nini hawana mawe? Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilianzishwa mwaka 1917 kwa ahadi kwamba wafu wote watatendewa sawa bila kujali cheo wala kabila. Mwaka 2021 tume hiyohiyo ilitoa ripoti ikakiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao Waafrika na watu wa Mashariki ya Kati, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, na ikaomba radhi. Sababu iliyotolewa na maofisa wa zamani inauma kuliko hesabu yenyewe: walisema Mwafrika hajali kaburi liwekewe alama.

Hayo yaliwezaje kusemwa juu ya nchi hii yetu? Hapa kwenye milima ya Wataita, mzee akishazikwa, baada ya muda fuvu lake lilitolewa kaburini likapelekwa pangoni, likapangwa mstari mmoja na mafuvu ya baba zake, na wajukuu wakajua ni nani yuko wapi. Mapango hayo yapo hadi leo. Watu waliowatunza wafu wao namna hiyo, vizazi kwa vizazi, ndio walioambiwa hawajali.

Wala si wapagazi tu. Wajerumani walipoivamia Kasigau mwaka 1915, Waingereza waliwashuku wenyeji kuwa wasaliti, wakawahamishia Malindi kijiji kwa kijiji. Wengi walikufa huko kwa joto na homa, na waliobaki hawakuruhusiwa kurudi mlimani mwao hadi miaka ya 1930. Hao nao walikufa kwa vita. Sijawahi kusikia wakitajwa mbele ya shada la maua.

Ninachoomba ni kidogo. Kabla ya Novemba, waombe machifu walitangaze jambo hili kwenye baraza: kila ukoo wenye mtu aliyekwenda Kariakoo asirudi, alete jina. Andikeni kwa mkono, kwenye daftari la shule, inatosha. Siku ya ibada, baada ya majina ya kwenye mawe, yasomwe ya kwenye daftari, kwa Kiswahili, na sala moja iwe ya Kidawida na moja ya Kitaveta. Wazee waketi ndani ya ua, mbele, kwenye viti. Na kama kuna jamaa wa upande wa pili wa mpaka, kule Holili na Moshi, ambao babu zao waliwabebea Wajerumani, nao waje. Mzigo ulikuwa mzito pande zote mbili.

Najua utaambiwa majina hayo hayana ushahidi. Nami nasema yasomwe kama familia ilivyoyatunza. Cape Town mwaka 2025 ulifunguliwa ukumbusho wa vibarua Weusi zaidi ya 1,700 waliokufa katika vita hivyohivyo, kila mmoja akachongewa nguzo yake ya mbao yenye jina. Walichimba kwenye makaratasi ya zamani hadi wakawapata. Sisi makaratasi tukiyapata vizuri, lakini kwanza tuna wazee, na wazee hawatungoji.

Wengine watakuambia ibada ile ni ya wakoloni, tuwaachie wenyewe. Nilifikiri hivyo nikiwa kijana. Lakini ardhi ile ni yetu, vilima ni vyetu, na jasho lililowafikisha wale askari mpaka pale walipoangukia lilikuwa la kwetu. Tukikaa nje ya ua tunakubali yale waliyoyasema juu yetu.

Yule mzee wa mwarubaini nimemtafuta, nikampata. Ana majina mawili, ya babake mkubwa na ya jirani yao. Mimi nina moja. Daftari nimeshanunua, na haya matatu nimeyaandika ukurasa wa kwanza. Nitalileta ofisini kwako siku yoyote utakayonipangia.

Wako mwaminifu,
Mkazi wa Taveta