Kwa shangazi yangu wa Marangu: nimeonja bia ya wakulima wa Ufaransa

Shangazi, shikamoo.

Najua ukisikia Ufaransa unawaza divai. Huku kaskazini ninakoishi, karibu na mpaka wa Ubelgiji, mzabibu si zao la kutegemewa. Zao lao ni shayiri, na watu wake ni wanywaji wa bia tangu enzi za mababu. Wiki iliyopita nimeonja kwa mara ya kwanza bia yao ya shambani, bière de garde, yaani bia ya kuwekwa akiba, na tangu funda la kwanza nimekuwa nikikuwaza wewe.

Niliyokunywa ni Jenlain, inayotoka kijiji cha jina hilohilo karibu na Valenciennes, ambako ukoo wa Duyck ulianza kuitengeneza mwaka 1922. Imo kwenye chupa nzito kama ya shampeni, kizibo chake kimefungwa kwa waya. Rangi yake ni kahawia yenye wekundu. Nilitarajia uchungu, kumbe hakuna uchungu wa kusema! Kinachokuja ni kimea: ganda la mkate lililoiva sana, sukari iliyoanza kuungua, kisha mwishoni inakauka na kuacha kinywa safi. Ina kileo cha asilimia 7.5, lakini haikuunguzi koo. Inakupasha joto polepole kifuani, ndiyo maana nakuonya mapema.

Sasa sikia inavyotengenezwa, maana hapa ndipo nilipoona kuwa wewe ungeielewa kuliko mimi. Wewe ukipika mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, unaloweka ulezi, unauotesha, unauanika, unausaga. Wao hufanya hivyohivyo na shayiri. Wewe unatia gome chungu la mti wa msesewa, wao hutia maua machungu ya mmea wa hopsi. Tofauti kubwa ni muda. Mbege yako ni ya kunywewa ndani ya siku chache, na kesho yake tayari imebadilika. Zamani mkulima wa huku alipika bia majira ya baridi na mwanzoni mwa masika, mavuno yakiwa ghalani na vibarua hawana kazi shambani. Kiangazi hakuthubutu, kwa sababu kabla ya majokofu joto liliamsha hamira za porini na vijidudu, pombe ikachacha vibaya. Kwa hiyo aliipika mapema, akaiweka kwenye chumba cha chini ya ardhi chenye ubaridi kwa wiki nyingi, hata miezi. Humo mashapo yanatulia chini, ukali unapungua, ladha zinakaa pamoja. Jua likiwaka na kazi ikirudi, bia ipo tayari.

Mimi nasema ladha hiyo huwezi kuiharakisha. Nimekunywa bia nyingi za viwanda vikubwa na sijawahi kusikia ndani yake majira ya mwaka. Hii nimeyasikia.

Na ilikaribia kupotea, shangazi. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipiganwa katika mashamba hayahaya. Wajerumani walioikalia sehemu kubwa ya eneo hili waling'oa masufuria ya shaba ya watengenezaji bia wakayapeleka kwenye silaha zao. Wengi hawakufungua tena. Baadaye zikaja bia nyepesi za viwandani kumaliza waliobaki. Miaka ya 1970 wanafunzi wa hapa mjini Lille wakaipenda Jenlain, na bia ya wakulima ikarudi mezani. Ningependa siku moja vijana wetu wa vyuo waipende mbege namna hiyo, waiulizie kwa jina na kwa kijiji ilikotoka.

Huku wanainywa na chakula, hasa nyama ya ng'ombe iliyopikwa taratibu ndani ya bia pamoja na vitunguu vingi. Nadhani ingekaa vizuri zaidi na mtori wako wenye nyama ya mfupa.

Krismasi nakuja nyumbani na chupa mbili. Nikifika tusizigandishe kwenye friji. Ubaridi wa kawaida wa Marangu unatosha, kwani baridi kali inaua harufu yake. Tutaimimina polepole, mashapo yabaki chini ya chupa. Ukishaonja, niambie wewe ungepunguza nini na kuongeza nini, kwa sababu hukumu ya mpika pombe ndiyo ninayoitaka.

Wasalimie wote hapo nyumbani.