Tangazo la kufunga shule kwa sababu ya theluji lisitukute tukiwa kituoni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako nizungumzie jambo linalotusumbua wazazi tunaoishi Marekani kila majira ya baridi: namna shule zinavyoamua kufungwa theluji inapoanguka, na hasa saa ambayo uamuzi huo unatufikia.

Majira ya baridi yaliyopita nilisimama kituoni na binti yangu wa darasa la tatu kwa karibu nusu saa, theluji ikitufika vifundoni. Basi lake hupita saa 12:25 asubuhi. Siku hiyo halikupita. Nilikuwa nimetoka zamu ya usiku, naangalia simu kila dakika, na ujumbe kwamba shule imefungwa uliingia saa 12:50. Jirani yangu naye aliupata ujumbe huo huo, lakini ulikuwa wa Kiingereza na yeye hakisomi. Alimshika mwanawe mkono wakatembea hadi shuleni, wakakuta mlango umefungwa.

Sisemi kwamba viongozi wa shule hawajali. Nimeuliza, nimeelezwa, na nakiri kazi yao ni ngumu. Katika wilaya nyingi za shule neno la mwisho ni la msimamizi mkuu wa shule zote za wilaya. Huamka saa tisa au saa kumi usiku, akasoma utabiri, akaongea na mkuu wa mabasi, na watu wa barabara, na wenzake wa wilaya jirani. Wengine huwasha gari wenyewe wakaenda kuzijaribu barabara gizani. Wanajitahidi kutangaza kabla madereva hawajayatoa mabasi.

Na wanachokitazama si kina cha theluji peke yake, kama wengi wetu tunavyodhani. Theluji ya sentimita 15 iliyoanguka jioni, magari ya kuikwangua yakapita usiku kucha, inaweza kuwa na nafuu kuliko manyunyu machache yanayoganda barabarani alfajiri yakawa barafu isiyoonekana. Chumvi inayomwagwa barabarani hupoteza nguvu baridi inapozidi nyuzi 9 hivi chini ya sifuri. Dizeli nayo huanza kuwa nzito, mabasi yakagoma kuwaka. Halafu kuna baridi yenyewe, hata pasipo theluji: ikiwa nyuzi 18 chini ya sifuri na upepo unavuma kilomita 24 kwa saa, ngozi iliyoachwa wazi inaweza kuganda na kudhurika ndani ya dakika 30. Niliposoma hayo nilifikiria ile nusu saa yetu kituoni. Namshukuru Mungu siku ile baridi haikufika hapo.

Kwa hiyo ombi langu si shule zifungwe ovyo. Naomba uamuzi utolewe jioni, kabla watoto hawajalala, kila utabiri unapokuwa wazi. Mzazi wa zamu ya usiku akijua saa mbili usiku anaweza kubadilishana zamu na mwenzake au kumwomba dada yake aje alale na watoto. Akijua saa moja asubuhi, hana la kufanya ila kumwacha mtoto peke yake au kukosa kazi.

Najua jibu litakalotolewa. Dhoruba hugeuka njia, na siku ikishapotea bure ni hasara, kwani majimbo mengi yanadai siku za masomo zipatazo 180 na zile zilizopungua hulipwa mwishoni mwa mwaka. Pia wapo watoto ambao chakula cha shuleni ndicho mlo wao wa uhakika. Hoja hizo nzito nazikubali zote. Lakini katikati ya kufunga na kufungua kuna njia ya tatu, kuchelewesha masomo kwa saa mbili, ambayo huwapa watu wa barabara muda na jua nafasi ya kuchomoza. Kwa nini isitangazwe jioni kama tahadhari, kisha alfajiri ithibitishwe au ifutwe?

Njia mbaya kuliko zote ni kuamua mchana, watoto wakiwa tayari darasani. Tarehe 28 Januari 2014, onyo la dhoruba kwa jiji la Atlanta lilitolewa kabla hakujapambazuka, lakini shule zilifunguliwa. Theluji ilipoanza, shule, ofisi na biashara ziliwaachia watu karibu kwa wakati mmoja. Sentimita zisizofika 8 zilitosha kuzifunga barabara kuu. Maelfu ya wanafunzi walilala shuleni, na wengine walikwama ndani ya mabasi hadi usiku. Wazee wa Nebraska na Dakota walikuwa na habari kama hiyo ya Januari 1888: asubuhi tulivu, watoto wakaenda shule bila makoti mazito, dhoruba ikawakuta wakirudi nyumbani. Wengi hawakufika.

Masomo ya intaneti yanayoletwa siku hizi mahali pa siku ya theluji sioni kama yanatuondolea tatizo. Tarehe 13 Februari 2024 jiji la New York lilijaribu, na wanafunzi wengi walishindwa kuingia kwenye mfumo asubuhi. Hata ungefanya kazi, mtoto wa miaka minane bado anahitaji mtu mzima pembeni yake.

Suala la lugha ni jepesi kuliko yote na ndilo linaloniuma zaidi. Shule inajua nyumbani kwetu tunaongea lugha gani, kwa sababu tulijaza fomu siku ya kuandikisha watoto. Ujumbe wa kufunga shule una sentensi mbili tatu ambazo hazibadiliki mwaka hadi mwaka. Zitafsiriwe mara moja msimu wa joto, zihifadhiwe, zitumwe siku ikifika.

Nitayasema haya kwenye mkutano ujao wa bodi ya shule. Wazazi wenzangu mtakaokuja, andikeni tarehe, saa ambayo basi hupita kwenu, na saa mliyopokea ujumbe. Tuwawekee mezani.

Wako,
Mzazi wa watoto wawili