Rangi ya ushanga haithibitishi ulikotoka

Mhariri,

Makala mliyochapisha kuhusu shanga za kioo zinazofukuliwa katika magofu ya pwani yetu, kama vile Gedi na Mtwapa, ilidai kwamba za buluu zilitoka Uarabuni na nyekundu zikatoka India. Nikiwa mwalimu wa kemia hapa Nairobi, naomba nafasi nieleze kwa nini dai hilo halina msingi.

Rangi huletwa na metali kidogo mno: kobalti hutoa buluu iliyokolea, na shaba hiyo hiyo yaweza kutoa samawati au nyekundu, kutegemea wingi wa hewa tanuruni. Mbinu hizo zilijulikana na mafundi wa nchi nyingi. Asili ya kioo hutafutwa katika mchanga uliotumiwa na katika magadi au majivu yaliyosaidia kuuyeyusha. Kioo cha magadi ya Wadi Natrun, Misri, kwa kawaida huwa na magnesia na potashi (oksidi za magnesiamu na potasiamu) chini ya asilimia 1.5 kila moja, ilhali kile cha majivu ya mimea, kilichotawala Mashariki ya Kati baada ya karne ya 9, huzidi kiwango hicho. Kioo cha Asia Kusini hutambulika kwa wingi wa alumina (oksidi ya alumini), na shanga nyingi za pwani yetu ni za aina hiyo. Hata humo, uraniamu kidogo pamoja na bariamu nyingi huelekeza kusini mwa India na Sri Lanka, wala si kwingineko Bara Hindi. Jicho haliwezi kuona tofauti hiyo kamwe.

Ili kupima kilichomo katika kioo, leza hunyofoa chembe ndogo sana, ikaacha tundu ambalo ni vigumu kuliona bila hadubini, na ushanga ukabaki mzima. Vipimo vya mkononi vya eksirei ni rahisi zaidi, lakini havisomi vizuri soda (oksidi ya sodiamu) wala magnesia, tena husoma zaidi lile ganda la juu lililokwisha kuliwa na unyevu wa ardhi.

Kwa hiyo nawasihi watunzaji wa hifadhi zetu na idara za kemia za vyuo vikuu washirikiane kupima shanga hizi, na wachimbaji waandike tabaka la udongo ambamo kila ushanga ulipatikana, kwani bila tabaka hilo ni vigumu sana kujua uliingia mjini karne gani.

Mwalimu wa Kemia,
Nairobi