Wahakiki wasiishie kwenye ukoloni tu

Mhariri,

Tangu mwandishi wetu mzaliwa wa Zanzibar, Abdulrazak Gurnah, apate Nobel ya Fasihi 2021 kila anayemchambua anaongelea ukoloni na wakimbizi, sawa, hayo yamo, ila naona tunaruka kitu kizito zaidi. Chukua riwaya yake By the Sea ya 2001, mzee Saleh Omar anatua uwanja wa ndege wa Gatwick, Uingereza, na pasipoti yenye jina la mtu mwingine, anajifanya hajui Kiingereza kabisa, sasa hapo ishu si viza tena, ni mtu anabaki nani akishapoteza nyumba, mke, mtoto na hata jina lake mwenyewe. Kwenye riwaya yake nyingine, Admiring Silence (1996), ndo kabisa, msimulizi hana jina, anamtungia mwenzake Mwingereza stori za uongo kuhusu kwao, halafu akirudi Zanzibar anakuta na huko hayuko nyumbani. Hiyo inaniuma kuliko siasa yote. Sam Selvon, mwandishi wa Trinidad, naye alishaligusa 1956 kwenye riwaya The Lonely Londoners, kina Moses, wahamiaji kutoka Karibi, wanahangaikia vibarua na baridi ya London huku wakijiuliza maisha yenyewe yanaenda wapi. Naomba wahakiki wenu waandike na upande huu, upweke, aibu, kujitungia maisha upya, maana wengi tunaoishi mbali na kwetu ndicho tunachokitafuta vitabuni.

Msomaji wenu