Idi hii bangili ya mama irudi mkononi

Idd Mubarak ndugu, jamaa na marafiki, minal aidina walfaizina. Mwenyezi Mungu atutakabalie funga zetu na swala zetu na kile kidogo tulichotoa, na wale tulioanza nao Ramadhani wakatangulia kabla mwezi haujaandama Allah awarehemu. Natumai tambi za asubuhi zishaliwa, watoto washavaa nguo mpya na wanapita nyumba hadi nyumba kutafuta mkono wa Idi, na mama wa nyumba bado yuko jikoni na pilau lake mana yeye ndo huvaa mwisho.

Sasa leo salamu zangu ni za huyo anaevaa mwisho. Wengi tuliolelewa huku pwani tunakumbuka bangili za dhahabu za mama, zile jozi zinazogongana akiwa anasonga ugali au anakuna nazi, ukizisikia usiku wa Ramadhani unajua daku linapikwa. Alafu mwaka mmoja hazisikiki tena na hakuna mtoto alieuliza. Kumbe kaka alitakiwa ada, au bibi alilazwa, au baba alikuwa anatafuta nauli ya Muscat, mama akavaa buibui lake akaenda kwa sonara akarudi mkono mtupu, pesa kamili, na hakulisema tena neno hilo mpaka leo. Dhahabu ndo ilikuwa benki yake yani, na benki yenyewe ikamalizikia kwetu sisi.

Kwetu iliuzwa dada mkubwa alipopata chuo. Mwaka huu watoto tukakubaliana kwenye grupu la familia, tangu Rajabu kila mtu anatoa anachoweza, ili Idi hii mama avae jozi yake tena. Ile yenyewe ishayeyushwa zamani bila shaka, lakini ipo picha ya harusi ya mama mdogo ambayo mama kaegesha mkono begani kwa bibi harusi na bangili inaonekana vizuri kabisa, maua madogo madogo ya kuchonga kuzunguka ukingo. Sonara wa Mji Mkongwe akaikuza ile picha kwenye simu, akaitazama muda mrefu, akachukua karatasi akachora ua moja akatuuliza, ndo hili?

Shughuli ikawa saizi. Bangili isiyofunguka haipimwi kwenye kifundo cha mkono jamani, inapimwa pale mkono unapokuwa mpana zaidi, yani mtu anakunja kidole gumba kiingie kiganjani kuelekea kidole kidogo, alafu bangili lazima ipite juu ya ile mifupa. Na mkono wa mama wa leo sio ule wa kwenye picha, viungo vimevimba kwa baridi yabisi. Tukachukua kwa siri bangili yake ya plastiki anayoivaa kila siku, sonara akapima upana wa ndani kwa rula, akasema mtu mzima msimpe bangili ya kusukuma kwa sabuni, mfanyieni ya kufungua, yenye bawaba upande mmoja na komeo upande wa pili na kijinyororo cha kuizuia isidondoke komeo likiachia. Tukafanya ivo, na mimi naona hiyo bawaba ndo sehemu nzuri kuliko zote, mana inaonyesha mkono wake umetazamwa.

Kwa hiyo ukienda kumnunulia mtu wako angalia kwanza maisha yake. Tanzanite ya Mirerani ni jiwe zuri mno, limejulikana tangu 1967 na mpaka sasa linachimbwa huko tu duniani, lakini ugumu wake ni kama 6 mpaka 7 kwenye kipimo cha mawe kinachoishia 10, sasa ukimuwekea kwenye pete mtu anaeosha masufuria kutwa litachubuka, muwekee kwenye herini au kidani aje alifaidi. Baba nae asisahaulike, dhahabu kwake haramu, pete ya fedha yenye jiwe la akiki inampendeza sana na anaingia nayo msikitini bila wasiwasi.

Kwenye dhahabu yenyewe tafuta muhuri upande wa ndani: 916 ni karati 22, 875 ni karati 21, 750 ni karati 18. Ipimwe mbele ya macho yako, na risiti iandikwe gramu mbali na ufundi mbali, mana siku ya shida ufundi haurudi, inayorudi ni dhahabu. Asiekuwa na uwezo wa bangili asijisikie vibaya hata kidogo, kipini kidogo cha kweli kinamtosha. Au mwombe mama afungue lile kopo lake, humo kuna mkufu uliokatika na herini iliyobaki moja, kwa ruhusa yake sonara anaunga au anayeyusha anamtengenezea pete, na hapo unalipia ufundi tu. Kitu cha kupaka rangi ya dhahabu ukikinunua mwambie ni cha rangi, asije akakipeleka kuuza siku ya dhiki akaaibika mbele za watu.

Na tukiwa bado na harufu ya Ramadhani, wengi wetu huku ni Shafii na kauli tunayoifuata ni kwamba pambo la kuvaliwa lisilopita kiasi halina zaka, ila dhahabu uliyoiweka akiba ikifika gramu 85 na ikapitiwa na mwaka unatoa asilimia 2.5, mwenye shaka amuulize sheikh wake.

Mama kavaa leo baada ya swala. Kaifungua kaifunga, kaifungua kaifunga, akauliza nani kakumbuka maua haya.

Mlioko Muscat, Dar, Mombasa, London, na nyinyi mnaokula Idi kazini na hospitali, tunakuombeeni sana. Idi pili sote tuko kwa mama, biriani ipo na mlango uko wazi, msisubiri kualikwa. Kulla aam wa antum bikheir.