Anayetaka kujifunza kuzamia amchunguze mwalimu kwanza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwaeleze vijana wenzangu wa Mwanza wanaotafuta mafunzo ya kuzamia kwa mtungi wa hewa kwamba wasianze kwa kuulizia bei wala siku za kupata cheti, bali wamchunguze mwalimu. Nimekulia Kirumba, na hamu ya kujifunza ilinishika Septemba 2018, pale kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na Ukara na wazamiaji wakamtoa fundi mitambo akiwa hai siku mbili baadaye.

Mwaka jana nilikwenda Unguja. Kituo cha kwanza kiliniahidi cheti kwa siku mbili, na hakuna aliyeniuliza hata kama najua kuogelea, nikaondoka. Cha pili kilikuwa ghali zaidi, lakini kilinitaka kwanza niogelee mita 200, nielee dakika 10, na nijaze fomu ya afya inayouliza habari za pumu, moyo na masikio. Tena mwalimu alisema hatutagusa bahari mpaka aridhike nami bwawani.

Kilichonishinda ni kuvua miwani chini ya maji na kuivaa tena. Maji yaliponiingia puani nilitaka kukurupuka kwenda juu, lakini mwalimu alinishika bega, akanionyesha kwa kidole mapovu yake yakipanda taratibu, nami nikaanza kupumua kwa kuyafuata. Mara ya sita nilikandamiza ukingo wa juu wa miwani kwenye paji la uso, nikapuliza kwa pua, maji yote yakatoka. Sisi tuliokulia ziwani tumezoea kubana pumzi, na mazoea hayo yanaweza kumuua mzamiaji, kwa kuwa hewa iliyovutwa kwenye kina cha mita 10 hupanuka maradufu mtu anapofika juu, na mapafu yaliyobanwa huweza kuchanika.

Liko pia jambo linalotuhusu sisi hasa. Ziwa Victoria liko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, ambako mgandamizo wa hewa ni mdogo, kwa hiyo majedwali ya kina na muda, yaani yale yanayomwonyesha mzamiaji akae chini muda gani katika kila kina, yaliyotungwa kwa ajili ya bahari hayafai kutumika huku bila kurekebishwa. Anayeyafuata yalivyo anaweza kuibuka akiwa na naitrojeni nyingi mno mwilini, ikageuka mapovu kwenye damu na viungo. Ndani ya ndege pia mgandamizo wa hewa ni mdogo, ndiyo maana mwalimu wangu alinizuia kupanda ndege ya kurudi Mwanza kabla ya saa 18 kupita tangu nilipozamia mara ya mwisho, nami nikalipia usiku mmoja zaidi wa malazi bila kunung'unika.

Basi yeyote atakayewaita vijana wetu kuzamia katika ziwa hili, wazazi wamwulize waziwazi anarekebishaje majedwali hayo, na mwanafunzi atarudia mara ngapi zoezi la miwani kabla ya kupelekwa kwenye maji marefu.

Mkazi wa Kirumba,
Mwanza